Jinsi ya Kudumisha Urafiki wa Misheni Baada ya Kurudi Nyumbani: Mwongozo Kamili

Kila kundi la wamisionari linaporudi nyumbani, malalamiko huwa yaleyale. "Tulikula sahani moja, tulifunga na kuomba pamoja, leo hata meseji zangu hajibu." Mwingine ameshindwa kabisa kumpata mama aliyempikia kila Jumapili kule Mwanza, kwa sababu namba ilibaki kwenye simu ya misheni. Watu hawa hawakukosa upendo. Walikosa mpango.

Mwongozo huu nimewaandikia vijana wanaotumikia, au waliorudi karibuni, katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hasa wa Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo. Aliyetumwa na kanisa jingine atapata ya kumfaa pia, ila mifano itakuwa ya huku kwetu.

Elewa jambo moja kabla hujaanza. Ukiwa misheni, urafiki unabebwa na utaratibu. Mwenza, yaani mmisionari mnayetumikia na kuishi pamoja, umepangiwa. Mnaamka saa ileile, mnajifunza maandiko meza moja, mnatoka pamoja na hamruhusiwi kuachana. Kila wiki mnakaa baraza la wenza na kuambiana yanayowakera. Kwa miezi 24 ya wavulana, au 18 ya wasichana, hakuna anayejiuliza, "Nimpigie lini?" Siku unayopumzishwa wito, utaratibu huo wote unaondoka kwa mpigo. Hatua zote zilizo hapa chini zinakusaidia kuurudisha, sasa kwa mikono yenu wenyewe.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kaunta buku moja yenye jalada gumu. Usitegemee simu, sababu utaziona hatua ya kwanza na ya pili.
- Barua pepe yako binafsi ambayo unaikumbuka nywila yake.
- Laini ya simu itakayokuwa yako siku zote. Kabla ya kuondoka nyumbani mwachie mzazi au ndugu, aiweke hewani na kuitumia mara mojamoja. Laini iliyolala muda mrefu hufungwa, na namba hupewa mtu mwingine.
- Picha zilizosafishwa studio, za karatasi.
- Kalenda ya ukutani, au ya simu inayopiga kengele.
- Fungu dogo la pesa kila mwezi kwa ajili ya bando, nauli na michango. Hata likiwa dogo sana, litenge.

## Hatua ya 1: Andika majina kamili ukiwa bado misheni

Kosa kubwa kuliko yote linafanyika hapa, na linafanyika bila mtu kujua.

Misheni mnaitana kwa jina la ukoo. Kibao cha kifuani kinasema Elda Otieno (Elda ndivyo anavyoitwa mmisionari wa kiume), waumini wanasema Elda Otieno, na wewe mwenza wake unasema hivyohivyo tangu asubuhi hadi usiku. Ukirudi nyumbani ndipo unagundua kwamba jina lake la kwanza hulijui. Mtafute "Otieno" kwenye Facebook uone watakavyokuja. Kwa ndugu zetu wa Kongo ni vigumu zaidi, maana jina lililo kifuani huenda silo wanalomwita kwao.

Mpe kila mtu ukurasa wake. Andika majina yake yote, namba yake ya nyumbani, na namba ya mtu wake mmoja asiyebadilisha laini ovyo, aghalabu mama au dada mkubwa. Ongeza kijiji au mtaa, kata au tawi lake (ushirika wa kanisa anakoabudu), siku ya kuzaliwa na mwezi atakaorudi. Kisha chini kabisa andika mambo mawili au matatu ya maisha yake. Ukurasa mzuri unafanana na huu:

*Mama Neema, Mwanza. Namba yake, na ya kijana wake mkubwa. Nyumba ya geti la buluu nyuma ya shule ya msingi. Magoti yanamsumbua, hasa masika. Neema yuko kidato cha pili, anapenda hesabu. Mumewe hajabatizwa lakini hutusubiri tule pamoja.*

Mistari hiyo ya mwisho ndiyo dhahabu. Baada ya mwaka mmoja, "habari za siku nyingi" inajibiwa "nzuri" na mazungumzo yanaishia hapo. Ukiuliza "Neema amefanyaje mtihani wa hesabu?" mama atakaa kitako akusimulie.

Fanya kazi hii kila siku ya maandalizi, ile siku moja ya wiki ya kufua na shughuli zenu binafsi, ukurasa mmoja au miwili. Uhamisho huja kila baada ya wiki 6, na ukitajwa wewe unapata muda mchache tu wa kufunga mizigo na kuaga. Huo si wakati wa kuanza kuuliza watu tarehe za kuzaliwa.

Tahadhari: Daftari hili ni la marafiki, kwa hiyo usinakili ndani yake kumbukumbu za eneo wala orodha za watu mnaowafundisha. Omba ruhusa kabla ya kuandika namba ya mtu. Mambo aliyokuambia machozi yakimtoka yabaki moyoni mwako, yasiingie kwenye karatasi.

Umefaulu ikiwa: ukifungua ukurasa wowote unaweza kumfikia mtu huyo kwa njia mbili tofauti bila kuuliza ofisi ya misheni.

## Hatua ya 2: Acha njia ya wao kukupata wewe

Wamisionari wengi huchukua namba za watu lakini hawaachi za kwao. Fikiria mama yule akikukumbuka mwezi mmoja baadaye. Anapiga namba aliyoizoea, anapokea elda mpya ambaye hata sura yako haijui. Namba ile ilikuwa ya eneo, wewe umeondoka, eneo limebaki. Simu uliyokuwa nayo umeirudisha, au imefutwa kila kitu kabla ya kuwa yako. Barua pepe ya kimisionari nayo hufungwa baada ya utumishi.

Dawa yake ni picha. Safisha picha uliyopiga na familia hiyo. Nyuma yake andika kwa kalamu ya kawaida, si ya wino wa maji, jina lako kamili, namba yako ya nyumbani, namba ya mzazi wako na mji unaotoka. Kabidhi siku ya kuaga. Kipande cha karatasi chenye namba kitapotea kabla ya Jumamosi, lakini picha itawekwa kwenye kabati la vyombo au ndani ya maandiko, na itakaa.

Wenza wako wape pia, hata kama mna akaunti za mtandaoni. Akaunti hubadilishwa majina, husahaulika, huibiwa.

## Hatua ya 3: Tuma ujumbe wa kwanza ndani ya wiki mbili

Wiki za kwanza nyumbani ni ngumu. Unaamka hakuna mwenza, hakuna ratiba, watu wanakuuliza kazi utapata lini. Wengi hujiambia, "Ngoja nitulie kwanza ndipo niwatafute." Kutulia huko huja baada ya miezi, na kufikia hapo aibu ya kukaa kimya imekuwa ukuta. Kwa hiyo anza ukiwa bado hujatulia.

Ujumbe uwe mfupi, mfano huu:

*"Shikamoo Mama Neema. Ni Otieno, yule elda Mkenya aliyekuwa anamaliza sato wako wote. Nimefika kwetu Siaya salama tangu Jumanne. Nimemwonyesha mama picha yetu, anakusalimu sana. Magoti yanaendeleaje? Hii ndiyo namba yangu, haitabadilika. Nitakupigia Jumapili baada ya kanisa."*

Kuna mambo manne hapo: wewe ni nani kwa namna anayoikumbuka, umefika salama, swali moja linalomhusu yeye peke yake, na siku utakayopiga. Hilo la nne wengi huliacha. "Tutaongea" haina siku. "Jumapili baada ya kanisa" inayo, na anayekupenda ataiweka simu karibu.

Mtu mzima mpigie badala ya kuandika tu. Kwa wazee wetu meseji ni salamu ya kupita, sauti ndiyo kutembelewa.

Tahadhari: Usitume ujumbe mmoja ulionakiliwa kwa watu arobaini. Watu hulinganisha, na wakiona ni uleule, kila mmoja anajua hakukumbukwa yeye.

## Hatua ya 4: Chagua wachache

Umeishi na wenza wengi, umekaa kanda kadhaa, umekula kwenye nyumba usizoweza kuzihesabu. Ukijaribu kuwashika wote kwa uzito mmoja, wote watakuponyoka.

Chagua watu watano au sita wa kuwafuatilia kwa ukaribu. Waliobaki salimia siku ya kuzaliwa, mwaka mpya na wanapopata jambo. Sioni dhambi katika hilo. Mimi huwaambia vijana wasiangalie ni nani walicheka naye sana, waangalie nani waliweza kumwambia kwamba wanataka kurudi nyumbani. Aliyeijua hofu yako ya mwezi wa tatu, akanyamaza nayo, huyo mweke juu ya orodha. Mara nyingi atakuwa mkufunzi wako, yule wa wiki 12 za mwanzo, au yule uliyemfunza wewe.

Hakikisha angalau wawili kati yao si wamisionari. Waumini wa tawi na majirani ndio wanaosahauliwa upesi, ilhali ndio walioyafungua maisha yao yote mbele yako.

## Hatua ya 5: Wekeaneni siku na saa

Urafiki unaosubiri nafasi haupati nafasi. Kubalianeni: Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa fulani, dakika ishirini zinatosha. Asiyeweza siku hiyo aseme mapema na ataje siku nyingine hapohapo.

Walio nchi nyingine wawekee hesabu ya masaa daftarini. Lubumbashi iko nyuma ya Nairobi na Dar kwa saa 1, Kinshasa kwa saa 2, Accra kwa saa 3. Utah, wanakotoka wenza wengi wa Kimarekani, iko nyuma kwa saa 10 wakati wa baridi na saa 9 kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba. Kwa hiyo Jumapili saa kumi na moja jioni ya huku ni saa moja au saa mbili asubuhi kule, mtu ameamka na huenda bado hajaenda kanisani. Ukimpigia saa mbili asubuhi ya kwako unamkuta kwenye usiku wa kulala, hatapokea, nawe utadhani anakukwepa. Nimeona urafiki mzuri ukivunjika kwa hesabu hiyo tu.

Tumieni pia kalenda ya kanisa. Mkutano mkuu ni wikiendi ya kwanza ya Aprili na ya Oktoba. Kikao cha Jumapili asubuhi cha Salt Lake City huku kinaanza saa moja usiku. Kutazama kikao kilekile kisha kupigiana na kuulizana "lipi limekugusa?" kunawarudisha kwenye meza ile ya masomo ya asubuhi. Misheni nyingi hufanya mkutano wao wa kukumbukana huko Utah karibu na siku hizo. Mwombe mwenza wako awashe video, hata kwa dakika tano, msalimiane na rais wa misheni.

Huku kwetu msingoje ya Utah. Hekalu la Nairobi liliwekwa wakfu Mei 2025, na la Kinshasa tangu 2019. Pangeni kukutana hekaluni mara moja kwa mwaka, mle pamoja baadaye, na kila mmoja ajilipie.

Tahadhari: Kundi la WhatsApp ni ubao wa matangazo. Lifungueni, litawajulisha nani anaoa na nani amefiwa, lakini kuweka dole gumba chini ya picha ya mtu si kuongea naye.

Umefaulu ikiwa: mwezi ukipita bila simu ile, mmoja wenu anauliza kulikoni.

## Hatua ya 6: Fika kwenye furaha na kwenye msiba

Kwetu urafiki hauthibitishwi kwa maneno. Unathibitishwa kwa nani alikuja.

Msiba ukitokea, piga simu siku hiyohiyo. Usitafute maneno makubwa. "Nimesikia. Niko nawe. Mazishi ni lini na wapi?" inatosha. Tuma rambirambi kwa simu, hata kidogo, na nauli ikipatikana nenda. Usipoweza kwenda, omba mmisionari mwingine wa zamani aliye karibu aende kwa niaba yenu na ataje majina yenu. Familia haisahau kwamba rafiki wa mtoto wao alitoka mbali.

Kisha fanya jambo ambalo karibu kila mtu huliacha: piga tena baada ya arobaini. Wageni wameondoka, sufuria kubwa zimerudishwa kwa wenyewe, na mtu amebaki na nyumba yake. Simu ya siku hizo ina thamani kuliko ile ya siku ya kwanza.

Harusi nazo zina jambo lake. Sherehe ya kuunganishwa ndani ya hekalu huhudhuriwa na wenye kibali cha hekaluni tu. Rafiki asiye muumini, au asiye na kibali kwa sasa, akipata kadi isiyoeleza anaweza kusafiri usiku kucha akaishia nje. Mweleze mapema kwa upole, na mpe nafasi ya heshima kwenye tafrija. Mchango wa kamati nao usiwe kipimo. Mwambie wazi, "Toa unachoweza, kuja kwako ndiko ninakokutaka."

## Hatua ya 7: Zungumzeni fedha kabla haijawatenganisha

Hapa niwe mkweli. Urafiki mwingi kati ya mmisionari wa huku na mwenza wa Marekani hufa kwenye ombi la ada. Uliofungwa kati ya mmisionari na familia aliyoifundisha, hufa kwenye ombi la kodi. Anayeomba huona aibu, anayeombwa huona ametumiwa, na wote wawili hunyamaza.

Ukiwa mwenye shida, anza na njia zilizopo. Chakula, kodi au matibabu ya dharura, zungumza na askofu au rais wa tawi, kwa sababu matoleo ya mfungo, yaani fedha wanazotoa waumini wanapofunga, yapo kwa ajili hiyo. Masomo, uliza kwenye kigingi chako (muungano wa kata na matawi ya kanisa ya eneo lenu) kuhusu Mfuko wa Elimu wa Kudumu, ulioanzishwa mwaka 2001 kuwakopesha vijana ada, na kuhusu BYU-Pathway, inayokuwezesha kusoma chuo kwa mtandao ukiwa nyumbani. Rafiki muulize ushauri kabla ya kumwomba pesa, na mkifika kwenye pesa, taja kiasi na sababu, kisha mpe nafasi ya kusema hapana.

Ukiwa unayeombwa, jibu upesi. Kukaa kimya kunaumiza kuliko kukataa. Andika: "Ndugu yangu, kiasi hicho sina. Naweza kukupa hiki, ni zawadi, usinirudishie. Na Jumapili tutaongea kama kawaida." Sentensi ile ya mwisho ndiyo inayookoa urafiki. Kukopeshana sikushauri kabisa. Deni humfanya mtu akukwepe hata siku ambayo angetaka tu kukusalimia.

Kumbukeni pia kwamba msaada una sura nyingi. Mwenza wako wa zamani aliyeko Salt Lake City anajua Kiswahili, na huko kuna wakimbizi kutoka Kongo na tawi linaloabudu kwa Kiswahili. Una ndugu aliyepelekwa huko bila kumjua mtu? Waunganishe. Kumsindikiza mgeni hospitali au kumsomea barua ya shule ya mtoto kutakuwa wema mkubwa, na wewe ndiye utakayekuwa umeuwezesha.

## Hatua ya 8: Mwenza mliyegombana

Karibu kila mmoja anaye. Mmoja alipanga siku kwa dakika, mwingine hawezi kupita bila kusalimia kila aliyeketi barazani. Mmoja haoshi sufuria. Mmoja anaomba kwa sauti saa kumi alfajiri. Mkichoka na kushinda njaa, hayo madogo yanakuwa makubwa.

Muda ukipita, mtumie ujumbe wa sauti, usiozidi dakika mbili. Taja tendo moja ulilolifanya wewe. "Siku ile nilikusema mbele ya kiongozi wa wamisionari wa wilaya, nilikuaibisha. Nisamehe." Usiongeze "lakini na wewe". Usiulize kama amekusamehe. Maliza kwa jambo moja zuri ulilojifunza kwake, ambalo ni la kweli.

Kisha mwache. Anaweza kujibu leo, mwakani, au asijibu. Baadhi ya urafiki imara ninaoujua ulianza hapo, miaka baada ya misheni, kwa sababu watu hao tayari wameonana katika hali mbaya na hawana cha kufichana.

Tahadhari: Ikiwa mwenza alikupiga, alikutusi kabila au rangi yako, au alikudhalilisha, hatua hii si yako. Unaweza kumsamehe mbele za Mungu na usimpigie kamwe.

## Hatua ya 9: Uliowafundisha, wakiwemo walioacha

Kwanza, heshimu wamisionari walio eneo lako la zamani sasa. Usiwapigie waumini kuwauliza "elda mpya anafundisha vizuri?", wala usiwe askofu wao wa pili kwa simu. Wakikuletea mgogoro wa tawi, wasikilize na uwarudishe kwa viongozi wao. Na ikiwa uliyemfundisha ni wa jinsia nyingine, urafiki uwe na nyumba nzima: piga wakati mumewe, mkewe au wazazi wapo, na uwasalimie wote kwa majina.

Kisha lile gumu. Baadhi ya uliowabatiza wataacha kuja kanisani. Wengine walikusikiliza kwa miezi na hawakubatizwa kabisa. Hawa ndio wanaopimia kama ulikuwa rafiki au ulikuwa kazini. Wao wenyewe wanalisubiri jibu, na ukiacha kuwapigia umewajibu.

Wapigie palepale pao kwenye ratiba, kama wengine. Usifungue na "mbona siku hizi huonekani kanisani?" Swali hilo ameshaulizwa na kila mtu, na atatafuta kisingizio. Uliza kuhusu biashara yake ya mitumba, mtoto, mvua. Akitaka kuongea habari za imani ataongea, mara nyingi simu ya tatu au ya nne, na wakati huo sikiliza bila kukimbilia maandiko. Ukiwa na ushuhuda wa kumpa, mpe kwa sentensi moja, kisha mwendelee na mvua.

Umefaulu ikiwa: aliyeacha kanisa anaona jina lako kwenye simu na anapokea mlio wa kwanza.